Kompyuta Moja, Laini Mbili za Intaneti: Jibu Litokee Wapi?

Ofisi, shule, hospitali na hata baadhi ya nyumba za Afrika Mashariki haziridhiki tena na laini moja ya intaneti. Pale ambapo zamani palikuwa na waya mmoja tu wa kampuni ya simu, sasa pana faiba iliyofika hadi ndani, pana modemu yenye kadi ya simu, na nchini Kenya, tangu Starlink ilipoanza kutoa huduma huko mwaka 2023, pana pia sahani ndogo juu ya paa inayowasiliana na setilaiti. Sababu ya kununua laini ya pili haihitaji maelezo, kwa kuwa ya kwanza hukatika. Kisichofahamika sana ni kwamba kuchomeka laini mbili kwenye kompyuta moja hakuifundishi kompyuta hiyo namna ya kuzitumia, na kwamba laini mbili zisizopangwa mara nyingi huleta usumbufu kuliko laini moja: seva huwajibu watu wa upande mmoja na kuwanyamazia wa upande wa pili, kurasa hufunguka leo na kugoma kesho, na fundi anayeitwa hukuta kila taa inawaka na kila waya umekaa mahali pake. Kiini cha usumbufu huo ni kwamba kanuni ya kuelekeza data katika intaneti, tangu ilipobuniwa, hutazama data inakokwenda na haitazami inakotoka.

Data haisafiri katika intaneti kwa mkondo mmoja usiokatika, bali hugawanywa katika vipande vidogo viitwavyo pakiti, ambavyo kwa kawaida havizidi baiti 1,500 kila kimoja, na kila pakiti huandikwa mwanzoni anwani mbili, ya kompyuta iliyoituma na ya kompyuta inayopelekewa. Anwani hizo, zinazojulikana kama anwani za IP, ni namba zinazotambulisha kila chombo kilichounganishwa na mtandao, na utaratibu wake uliwekwa Septemba 1981 katika waraka uliohaririwa na Jon Postel, ambao hadi leo ndio msingi wa toleo la nne la itifaki ya IP. Itifaki ni kanuni ambazo mashine hukubaliana kuzifuata ili zielewane. Ruta, yaani kifaa kinachopokea pakiti upande mmoja na kuipitisha upande mwingine, husoma anwani ya mpokeaji, hutafuta katika orodha yake upande unaofaa, huipeleka huko, kisha huisahau. Anwani ya mtumaji hupita bila kuulizwa. Ubunifu huo ulikuwa na busara kubwa, kwa sababu ruta isiyolazimika kukumbuka nani alimwandikia nani huweza kupitisha pakiti kwa mamilioni katika sekunde moja, na ruta moja ikiharibika, pakiti zinazofuata hupitishwa kwingine bila mazungumzo kuvunjika.

Orodha inayotazamwa huitwa jedwali la njia, nayo haimo katika ruta peke yake, kwani kila kompyuta, hata ya mezani, ina jedwali lake dogo. Kila mstari wa jedwali husema kwamba anwani za kundi fulani zifikiwe kupitia kadi fulani ya mtandao na, kama kundi hilo haliko jirani, kupitia lango fulani, ambalo ni ruta ya karibu inayokabidhiwa pakiti ili iendelee nayo. Mistari miwili ikihusu anwani moja, hufuatwa ule unaolenga kundi dogo zaidi, kwa kuwa ndio wenye habari mahususi zaidi. Mstari unaolenga anwani zote zisizotajwa kwingine huitwa njia ya msingi, na katika kompyuta ya kawaida ndio unaobeba karibu kila kitu, kwa maana kompyuta ya nyumbani huwajua majirani zake wachache tu, na walimwengu wengine wote huliachia lango.

Kompyuta yenye laini mbili hupata njia za msingi mbili, moja kutoka kwa kila mtoa huduma, na kila moja hudai kwamba inafika kila mahali. Kwa kuwa haziwezi kutofautishwa kwa ukubwa wa kundi zinalolenga, mfumo endeshi huzitofautisha kwa namba iitwayo gharama ya njia, na yenye namba ndogo ndiyo hutumika. Katika kompyuta nyingi za Linux, ambazo mtandao wake husimamiwa na programu ya NetworkManager, njia ya waya hupewa gharama ya 100 na ya Wi-Fi hupewa 600, na ndiyo maana mtu anapochomeka waya huku Wi-Fi ikiwa imewashwa, mawasiliano yake mapya huhamia kwenye waya bila kuambiwa. Windows nayo hukadiria gharama hiyo yenyewe kwa kutazama kasi ya kadi. Laini yenye gharama kubwa hukaa bure. Kwa mtu anayesoma kurasa na kutuma barua pepe, hali hiyo haina madhara, isipokuwa kwamba analipia kila mwezi kitu asichokitumia.

Matatizo huanza pale ambapo kompyuta inaulizwa badala ya kuuliza, yaani inapokuwa seva inayopokea maombi kutoka nje. Ichukuliwe seva ya Linux yenye kadi mbili za mtandao, ya kwanza ikiwa imeunganishwa na faiba kwa anwani 203.0.113.10, na ya pili imeunganishwa na mtoa huduma mwingine kwa anwani 198.51.100.20; anwani hizi ni za makundi yaliyotengwa kwa ajili ya mifano ya vitabuni, hivyo hazimhusu mtu yeyote. Njia ya msingi yenye gharama ndogo ni ya faiba. Mteja aliye mbali, mwenye anwani 192.0.2.50, anaomba ukurasa kwa kutumia anwani ya pili. Pakiti yake inafika salama kwenye kadi ya pili, seva inaisoma na kuandaa jibu ambalo mtumaji wake ni 198.51.100.20 na mpokeaji wake ni 192.0.2.50, kisha inauliza jedwali la njia pakiti iendayo 192.0.2.50 ipite wapi. Jedwali, ambalo halina safu ya kuandikia mtumaji ni nani, linajibu kwamba ipite kwenye faiba. Mgeni aliyepiga hodi mlango wa mbele anaitikiwa kutoka uani.

Kwa kanuni za mwaka 1981 peke yake hilo si kosa, na baina ya mitandao mikubwa ni jambo la kila siku pakiti kwenda kwa njia moja na jibu lake kurudi kwa nyingine. Kilichobadilika ni kwamba uhuru wa kuandika anwani yoyote ya mtumaji uligeuzwa kuwa silaha. Katika miaka ya 1990 wahalifu waligundua kwamba wanaweza kuifurika seva kwa pakiti zenye anwani za watumaji za kughushi, na mhasiriwa asijue ashitaki wapi. Mwezi Mei 2000 Paul Ferguson na Daniel Senie walitoa waraka uliowataka watoa huduma wakague pakiti zinazotoka kwa wateja wao na kuzitupa zile ambazo anwani ya mtumaji haimo katika zile walizowagawia wateja hao. Mtoa huduma wa faiba anayefuata ushauri huo anapokutana na pakiti inayodai kutoka 198.51.100.20, anwani ambayo si yake, huitupa, tena kimyakimya, kwa kuwa kumjibu mtu anayeshukiwa kughushi hakuna maana. Mteja hubaki akisubiri, na seva hubaki ikiamini kwamba imejibu. Anayeona kwamba mtoa huduma amemwonea mwenye seva ana haki ya kulalamika, lakini ukaguzi huo ni mojawapo ya ulinzi wa maana sana ambao intaneti imejipatia, na laiti ungefuatwa na watoa huduma wote, mashambulizi ya aina hiyo yangepungua mno.

Pakiti inaweza kufa hata kabla ya hapo. Linux yenyewe ina kichujio cha aina hiyo hiyo, kijulikanacho kwa jina la rp_filter, ambacho pakiti inapoingia kupitia kadi fulani hujiuliza: kama ingehitajika kumjibu mtumaji huyu, jibu lingetokea kadi ipi? Kikiwekwa kwenye 1, na jibu likaonekana kwamba lingetokea kadi nyingine, pakiti hutupwa pale pale bila programu ya seva kupata habari; kikiwekwa kwenye 2, hutosha kwamba mtumaji anafikika kwa kadi yoyote; kikiwekwa kwenye 0, hakikagui kitu. Mafundi wengi huduwaa mbele ya kichujio hiki kwa sababu kina sehemu mbili za kukirekebishia, moja ya kadi zote na nyingine ya kila kadi, na thamani inayofuatwa ni kubwa kati ya hizo mbili, hivyo kuandika 0 katika sehemu moja hakusaidii ikiwa ile nyingine inasema 1. Na pale ambapo kati ya seva na intaneti pana ruta ndogo za nyumbani zinazobadilisha anwani za ndani kuwa anwani moja ya nje, ruta isiyo sahihi ikipokea jibu la mazungumzo ambayo haikuyaona yakianza, ama hulitupa, ama hulibandika anwani yake yenyewe, na mteja akipata jibu kutoka kwa anwani asiyoiomba naye hulitupa, kwani mazungumzo ya TCP, itifaki inayohakikisha kwamba data imefika yote na kwa mpangilio, hutambulikana kwa anwani mbili na namba mbili za milango, na kikibadilika kimoja mazungumzo hayo si yale tena.

Kinachowapotosha wengi ni dalili zake. Anayejaribu anwani ya pili kutoka kompyuta iliyo katika mtandao huo huo wa pili hupata jibu zuri, kwa sababu jedwali la njia lina mstari mahususi wa majirani wa kila kadi, na mstari huo hushinda njia ya msingi; kwa hiyo fundi aliye chumbani hutangaza kwamba laini ni nzima, huku aliye mjini akiapa kwamba imekufa, na wote wawili wanasema kweli. Vilevile faiba ikikatika kabisa, njia yake ikaondolewa, anwani ya pili hufufuka ghafla mbele ya ulimwengu wote, na faiba inaporudi, hufa tena. Tabia hiyo ya laini ya akiba kuzinduka pale tu laini kuu inapozimika, kisha kuzirai inapopona, ikionekana mahali, hakuna haja ya kutafuta waya mbovu.

Jambo hili lilionwa mapema kuliko inavyodhaniwa. Waraka wa Oktoba 1989 kuhusu wajibu wa kompyuta zilizounganishwa na intaneti, uliohaririwa na Robert Braden, ulieleza mitazamo miwili kuhusu kompyuta yenye kadi zaidi ya moja, bila kuilazimisha dunia kuchagua mmoja. Katika mtazamo wa kwanza, anwani ni mali ya kompyuta nzima, na kadi ni njia tu za kupitia. Katika mtazamo wa pili, anwani ni mali ya kadi, na pakiti yenye anwani ya kadi fulani haipaswi kutokea kwenye kadi nyingine. Linux ilifuata mtazamo wa kwanza, Windows ikahamia wa pili kuanzia toleo la Vista, na ndiyo sababu seva ya Windows yenye malango mawili yaliyoandikwa vizuri huweza kujibu kwa laini sahihi bila msaada, ilhali ya Linux, inayosifiwa kwa umahiri wake katika mitandao, huhitaji kuelekezwa. Kila mtazamo una faida zake. Ule wa Linux hufanya kompyuta ifikike kwa anwani yake yoyote hata kadi moja ikifa, jambo ambalo wenye vituo vikubwa vya data hulithamini.

Tiba ya upande wa Linux ilikuja na toleo la 2.2 la kiini cha mfumo huo, lililotolewa Januari 1999, pamoja na programu ziitwazo iproute2 zilizoandikwa na Alexey Kuznetsov. Badala ya jedwali moja la njia, kompyuta iliruhusiwa kuwa na majedwali mengi, na juu yake ikawekwa orodha ya kanuni zinazoamua ni jedwali lipi lisomwe kwa pakiti ipi. Majedwali matatu yapo tangu mwanzo: namba 255, lenye anwani za kompyuta yenyewe, namba 254, jedwali kuu ambalo watu wengi hudhani ndilo pekee, na namba 253, ambalo kwa kawaida huwa tupu. Kanuni nazo zina namba, husomwa kuanzia ndogo kwenda kubwa, na tatu za asili ni 0, 32766 na 32767, zikielekeza kwa zamu kwenye majedwali hayo matatu. Kati ya 0 na 32766 pana nafasi tele ya mwenye kompyuta kuingiza kanuni zake, na uwezo wote mpya umo katika nafasi hiyo, kwa sababu kanuni, tofauti na mstari wa jedwali, inaweza kumtazama mtumaji.

Kwa seva ya mfano kazi inakuwa fupi kuliko maelezo yake. Hutengenezwa majedwali mawili mapya, ambayo yanaweza kupewa majina katika faili la rt_tables, tuseme faiba na akiba. Katika jedwali la faiba huandikwa njia ya msingi kupitia lango la faiba, na katika la akiba huandikwa njia ya msingi kupitia lango la mtoa huduma wa pili. Katika kila moja huongezwa pia mstari wa majirani wa kadi zote mbili, kwa kuwa jedwali lenye njia ya msingi peke yake litawapeleka hata majirani wa chumba kimoja wakazunguke nje kwa lango, kosa dogo ambalo hufanya printa ya ofisini ipotee ghafla. Kisha huwekwa kanuni mbili: pakiti ambayo mtumaji wake ni 203.0.113.10 isome jedwali la faiba, na ambayo mtumaji wake ni 198.51.100.20 isome jedwali la akiba. Jedwali kuu huachwa kama lilivyo, na njia yake ya msingi hubaki kwa ajili ya mawasiliano ambayo seva yenyewe inayaanzisha. Kuanzia hapo jibu la mteja wa anwani ya pili, kwa kuwa lina 198.51.100.20 kama mtumaji, hukutana na kanuni yake kabla ya kulifikia jedwali kuu, na hutoka kule kule swali lilikoingilia. Hata kichujio cha rp_filter kilichowekwa kwenye 1 huridhika, maana kinapojiuliza jibu lingetokea wapi hufuata kanuni hizo hizo.

Mawasiliano yanayoanzishwa na seva yenyewe yanahitaji uangalifu kidogo. Programu inapoanza kuzungumza na nje, kwa kawaida haijachagua anwani ya mtumaji, na mfumo endeshi hutafuta njia kwanza ndipo uipe anwani ya kadi iliyochaguliwa. Hivyo kanuni za mtumaji hazina cha kushika, jedwali kuu ndilo huamua, na anwani hulingana na laini. Programu ikitaka kwa makusudi kutumia laini ya pili, inatosha ijifunge kwa anwani ya laini hiyo, na kanuni zitafanya yaliyobaki. Inafaa pia kukumbukwa kwamba amri zote hizi hupotea kompyuta inapozimwa, hivyo ni lazima ziandikwe katika mipangilio ya kudumu, na kwamba laini ambayo anwani yake hubadilika kila inapounganishwa huhitaji kanuni ziandikwe upya kila mara.

Teknolojia hii inaweza kuonekana ni ya mafundi wa seva tu, lakini imo mifukoni mwa watu wengi bila wao kujua. Simu za Android, ambazo kiini chake ni Linux, tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014 huweka jedwali la njia kwa kila mtandao, na hutia pakiti za kila programu alama ya siri ya ndani inayoonyesha mtandao zinaopaswa kupitia. Ndiyo maana simu iliyo kwenye Wi-Fi huweza kupokea ujumbe wa picha wa MMS kupitia laini ya kampuni ya simu, kwa kuwa ujumbe huo haupatikani kwa njia nyingine, wakati video inaendelea kuja kupitia Wi-Fi.

Alama za namna hiyo huhitajika pia pale ambapo kompyuta yenye laini mbili ni ruta ya ofisi nzima, na seva halisi iko nyuma yake kwa anwani ya ndani. Jibu la seva hiyo linapofika kwenye ruta bado linabeba anwani ya ndani, isiyoonyesha laini yoyote, na kanuni ya mtumaji haina la kusema. Hapo ruta huyatia alama mazungumzo yanapoingia kwa mara ya kwanza, huihifadhi alama hiyo katika daftari lake la mazungumzo yaliyo hai, huinakili kwenye kila pakiti ya majibu, na kanuni husoma alama badala ya mtumaji.

Baada ya majibu kupangwa, swali linalofuata karibu kila mara ni kama laini mbili zinaweza kuunganishwa zikawa moja yenye kasi maradufu. Jibu ni kwamba zinaweza kugawana kazi, ila haziwezi kuungana hivi hivi. Linux huruhusu njia ya msingi iwe na malango mawili, kila moja kwa uzito wake, na mazungumzo mapya hugawanywa kati yake; lakini kinachogawanywa ni mazungumzo, si pakiti, kwa sababu pakiti za mazungumzo mamoja zikitoka kwa anwani mbili tofauti mpokeaji hatazitambua. Kwa hiyo ofisi yenye watu 30 itaona nafuu kubwa, ilhali mtu mmoja anayepakua faili moja kubwa hataona tofauti hata kidogo. Pia baadhi ya tovuti za benki na za serikali, zikiona mteja aliyeingia kwa anwani moja anaendelea kwa nyingine, humtoa na kumtaka aanze upya, na wasimamizi waangalifu hupendelea kuzifunga huduma za aina hiyo kwenye laini moja. Aina ya TCP iwezayo kutumia njia kadhaa kwa mazungumzo mamoja ipo, na ilielezwa kwa waraka wa Januari 2013. Apple iliitumia kwa Siri katika iOS 7 mwaka huo huo, na Linux ikaanza kuipokea katika toleo la 5.6 la Machi 2020. Lakini inahitaji kwamba pande zote mbili ziielewe, na seva nyingi bado haziielewi.

Taasisi kubwa kabisa, kama mabenki na vyuo vikuu, huweza kuepuka sehemu kubwa ya mashaka haya kwa kupata anwani zao wenyewe kutoka AFRINIC, shirika lenye makao Mauritius linalogawa anwani za bara la Afrika, kisha kuzitangaza kwa watoa huduma wawili kwa wakati mmoja. Kwa duka, zahanati au shule ya kata njia hiyo ni ghali na inahitaji wataalamu wa kudumu.

Kugundua kwamba laini imekufa ni kazi yenye utata kuliko inavyodhaniwa. Kompyuta hujua mara moja waya wake ukichomolewa, na huondoa njia inayohusika. Lakini laini hukatika mara chache sana katika mita mbili kati ya kompyuta na ruta. Hukatika barabarani, ambako trekta limechimba mtaro, au katika kituo cha mtoa huduma, au baharini, na katika hali zote hizo ruta iliyo ukutani huendelea kuwaka na kujibu kila inapoulizwa, na kompyuta huendelea kuipelekea pakiti zisizofika. Programu ya kuchunguza laini, kwa hiyo, hupaswa kuuliza kitu kilicho mbali ng'ambo ya mtoa huduma, vitu viwili au vitatu ili kimoja kikizimwa kwa matengenezo laini isidhaniwe imekufa, na kuuliza kupitia kila laini kwa anwani ya laini hiyo, la sivyo maswali yote yatapita kwenye laini nzima na majibu yatasema kwamba zote mbili ni nzima. Hapo kanuni za mtumaji huonekana tena kuwa ndio msingi wa kila kitu kingine. Hupaswa pia kutazamwa seva za majina, yaani zile zinazobadilisha jina la tovuti kuwa anwani, kwa kuwa za mtoa huduma mmoja mara nyingi hukataa kuwajibu wanaokuja kwa laini ya mwingine, na mtumiaji akahisi intaneti yote imezimika wakati kilichozimika ni kitabu cha majina tu.

Na hata upangaji bora hauwezi kuzitenganisha laini ambazo chini ya bahari ni moja. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom, ambayo tangu miaka ya 2009 na 2010 imekuwa ikibeba sehemu kubwa ya data ya pwani ya Afrika Mashariki, ilipata hitilafu kwa pamoja, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Ofisi iliyokuwa na faiba ya kampuni moja na modemu ya kampuni nyingine iliweza kukuta kwamba zote mbili zilikuwa zimekodi nafasi katika mikongo hiyo hiyo, na kwamba ilikuwa ikilipia majina mawili ya njia moja. Swali la kumwuliza mtoa huduma wa pili kabla ya kutia saini, kwa hiyo, ni data yake inatoka nchini kwa mkongo gani, na kama anao wa akiba. Asiyeweza kujibu swali hilo hauzi akiba.

Upimaji wa kazi iliyomalizika hufanywa kutoka nje, kwa simu iliyozimwa Wi-Fi na inayotumia kampuni ambayo si mojawapo ya hizo mbili, ikiijaribu kila anwani kwa zamu huku laini zote mbili zikiwa hai, kwa kuwa ni katika hali hiyo ambapo kasoro ya njia ya kurudi hujitokeza. Ndani ya seva, amri ya ip route get, ikipewa anwani ya mpokeaji pamoja na ya mtumaji, hueleza bila kutuma chochote pakiti hiyo ingepita wapi, na programu ya tcpdump ikiachwa kusikiliza kwenye kila kadi huonyesha mahali ambapo jibu linatokea kweli. Kisha hukatwa laini kuu, si kwa kuchomoa waya wa kompyuta, bali kwa kuchomoa faiba nyuma ya ruta huku ruta ikiendelea kuwaka, na huhesabiwa sekunde zinazopita kabla ya laini ya pili kushika kazi.